Tetemeko la ardhi: jinsi ya kuiandaa nyumba na familia yako hapa Uganda

Kila ardhi inapotikisika huku magharibi, iwe Bundibugyo, Kasese, Fort Portal au Hoima, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nikimbie nje au nibaki ndani? Ni kweli kusimama mlangoni kunaokoa? Volkano inakuja? Ule ujumbe wa simu unaosema jingine kubwa litapiga saa tisa usiku ni wa kweli? Nimeyajibu yote hapa mahali pamoja, ili jirani akikuuliza nawe uwe na cha kumsomea.

Ulishike hili hata kama utaishia hapa: mtu aliyesimama katikati ya uwanja wa mpira, tetemeko litamwangusha tu. Kinachoua ni ukuta, boriti, kabati na tofali lililokuwa juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Kwa hiyo kazi kubwa katika mwongozo huu ni ya nyumbani kwako, na nyingi yake inafanyika kwa siku mbili bila fedha nyingi.

Kwa nini Uganda inatikisika

Upande wa mashariki wa bara la Afrika unajitenga na upande uliobaki, polepole sana, milimita chache kwa mwaka. Mahali panapotengana ndipo lilipo Bonde la Ufa. Tawi lake la magharibi linapita hapa kwetu: Ziwa Albert, mto Semliki, Ziwa Edward na Ziwa George, na katikati yake imesimama milima ya Rwenzori yenye kilele cha mita 5,109. Miamba ya pande mbili za mpasuko hukwama, ikakazana miaka na miaka, kisha ikateleza kwa ghafla. Mteleko huo ndio tetemeko. Mitetemo midogo hutokea karibu na Rwenzori mara kwa mara, mingi hata huisikii; mashine za kupimia ndizo zinazoisikia.

Makubwa hayaji mara nyingi, ila huja. Tarehe 20 Machi 1966, kabla jua halijachomoza, tetemeko la Toro liliua zaidi ya watu 150 na kubomoa maelfu ya nyumba, hasa upande wa Bwamba (huko Bundibugyo) na ng'ambo ya mpaka, Congo. Mwezi Mei mwaka uleule likafuata jingine lenye nguvu upande wa Congo. Februari 1994 lilipiga Kisomoro, karibu na Fort Portal, watu wakafa na shule na nyumba zikaharibika. Septemba 2016 kitovu kilikuwa Kagera, Tanzania, likiwa na ukubwa wa 5.9, zaidi ya watu 15 walikufa, na upande wetu wa Rakai nao nyumba ziliumia. Kama uko kaskazini na unadhani hili halikuhusu, kumbuka kwamba Mei 1990 tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 7 lilitokea karibu na Juba, na kutoka Juba hadi Moyo si mbali.

Kuhusu namba hizo za ukubwa: kila ukipanda moja, nguvu inayotoka ardhini huongezeka mara 32 hivi. Tetemeko la 6 si "zaidi kidogo" ya la 5. Hata hivyo namba peke yake haielezi vifo. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, wakafa watu zaidi ya laki moja. Wiki chache baadaye Chile ilipigwa na la 8.8, lenye nguvu takriban mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa mia tano na kitu. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini iliyo kubwa ni kwamba Chile imekuwa ikijenga kwa kufuata kanuni za matetemeko kwa miaka mingi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na penseli
- Nyundo, misumari, bisibisi na skrubu ndefu
- Vipande vya chuma vya pembe vya kufungia kabati ukutani, au waya imara
- Jerikani safi zenye vifuniko. Kadiria lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu. Familia ya watu sita inahitaji lita 72, yaani jerikani nne za lita 20
- Tochi, na betri za akiba (kama ni ya sola, iwe imechajiwa)
- Redio ndogo ya betri
- Filimbi, moja kwa kila chumba cha kulala
- Sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, pamba, glavu, dawa ya kusafishia vidonda, dawa za maumivu, na dawa ambazo wagonjwa wa nyumbani hutumia kila siku
- Mfuko wa plastiki usiopitisha maji kwa vitambulisho, hati ya ardhi, kadi za kliniki za watoto na fedha taslimu kidogo
- Turubai, kamba na vyandarua

Usingoje uwe na vyote ndipo uanze. Hatua nne za mwanzo unaweza kuzianza kwa mikono yako na penseli tu.

Kazi ya nyumbani

1. Zunguka nyumba, ndani na nje, ukiwa na daftari. Fanya hivyo mchana. Katika kila chumba simama katikati, utazame juu, jiulize: hapa kukitikisika, nini kitaniangukia? Andika kila kitu. Nje tazama ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa, ule unaofunga kichwa cha nyumba. Mara nyingi umejengwa kwa matofali bila kufungwa na chochote, na ndio unaoanguka kabla ya kuta nyingine. Ukiona umeinama au una ufa, hapo panapaswa kuwa pa kwanza kwenye orodha yako. Tazama pia tangi la maji lililopandishwa juu ya mnara, ukuta wa uzio, choo cha shimo, na kama uko mlimani, mawe makubwa yaliyo juu ya nyumba.

2. Teremsha vizito. Nimeona nyumba nyingi ambazo mabati yake yameshikiliwa na mawe ili upepo usiyang'oe. Mawe hayo yatakuangukia wewe. Yatoe leo, upigilie mabati kwa misumari ya paa na kuyafunga kwa waya kwenye mbao zake. Ndani ya nyumba, masufuria makubwa, mashine ya kushonea, televisheni, masanduku ya chuma yaliyopangwa juu ya kabati, vyote vishuke. Kabati refu lifungwe ukutani kwa vipande vya chuma. Mtungi wa gesi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo au kamba. Wenye duka: magunia ya mchele na mahindi yasipangwe hadi darini karibu na mahali unapokaa, na kreti za soda zisiwe njiani mwa mlango.

3. Hamisha vitanda. Hii ndiyo hatua isiyogharimu kitu na yenye faida kubwa kuliko zote. Kitanda kisiwe chini ya dirisha la kioo, wala chini ya ule ukuta wa pembetatu, wala kando ya kabati. Kama una nafasi, weka kitanda karibu na ukuta wa ndani, ule mfupi. Chini ya kila kitanda weka viatu na tochi. Watu wengi huumia miguu baada ya mtikisiko, wakikanyaga vioo gizani.

Walimu wa shule za bweni, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Vitanda vya ngazi tatu vilivyobanana vifungwe ukutani na vifungwe vyenyewe kwa vyenyewe. Watoto wadogo walale chini.

4. Tatua suala la funguo. Huku kwetu kila dirisha lina nondo za kuzuia wezi, na usiku mlango wa chuma unafungwa kwa kufuli kwa ndani. Tetemeko likija usiku umeme unakatika, na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali ya baba. Tafuta msumari mmoja karibu na mlango, mahali ambapo mwizi hafiki kwa mkono kutoka nje, ufunguo uning'inie hapo kila usiku, na kila mtu nyumbani ajue, hata binti wa kazi na mgeni. Kwenye bweni, mlango usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Hilo ni kwa ajili ya tetemeko na kwa ajili ya moto pia, na sioni sababu yoyote ya kulijadili.

5. Chagueni mahali pa kukutania. Pawe wazi: uwanja wa shule, uwanja wa mpira, shamba la mihogo au la migomba. Pawe mbali na nyaya za umeme, kuta za uzio, majengo ya ghorofa, na miteremko inayoweza kuporomoka. Chagueni na pa pili, kwa sababu huenda njia ya kwanza ikafungwa. Mwambie mwenyekiti wa kijiji (LC1) pia, maana yeye ndiye atakayehesabu nani hajaonekana.

6. Weka maji na mfuko karibu na mlango. Badilisha maji kila baada ya miezi mitatu, uyatumie kufua. Chakula kiwe kile mnachokula: karanga, biskuti, unga wa uji, sukari, chumvi. Mfuko wa hati usiwe ndani ya sanduku lililofungwa chini ya kitanda; ukuta ukiangukia kitanda, hati nazo zimezikwa.

7. Fanyeni zoezi. Jioni moja, watu wote wakiwepo, mtu apige kelele "Tetemeko!" na kila mmoja afanye sehemu yake. Rudieni usiku, taa zikiwa zimezimwa. Watoto hulipenda zoezi hili, na wakilifanya mara kadhaa miili yao hukumbuka kuliko vichwa vyao.

Siku yenyewe, ardhi ikitikisika

Mtikisiko mkali mara nyingi hauzidi dakika moja. Ni mfupi mno kwa kufikiri, ndiyo maana uamuzi unapaswa kufanywa leo.

8. Nyumba yako ni ya aina gani? Hapa ndipo lile swali la kukimbia au kubaki linapojibiwa, na jibu si moja kwa wote.

Kama uko ndani ya jengo la zege na nguzo, au ghorofani, baki ndani. Piga magoti, ingia chini ya meza imara, funika kichwa na shingo kwa mkono mmoja, shika mguu wa meza kwa mkono wa pili, na meza ikisogea usogee nayo. Hakuna meza? Chuchumaa kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha, ufunike kichwa. Usikimbilie ngazi, usiingie kwenye lifti, na usiruke dirishani. Wengi huumia wakikimbia jengo likiwa bado linayumba, maana nje ya mlango ndipo vioo na matofali yanapoangukia.

Kama uko kwenye nyumba ya udongo isiyo na ghorofa, au ya matofali yaliyojengwa kwa tope bila nguzo wala mkanda wa zege unaozunguka kuta, na uko hatua chache tu kutoka mlango ulio wazi, na nje ni uwanda mtupu, toka upesi, usisimame hadi uwe mbali na kuta. Masharti hayo yote yawepo kwa pamoja. Kama uko chumba cha ndani, au mlango una kufuli, au nje kuna kichochoro chembamba kati ya kuta mbili, usijaribu. Jitupe chini kando ya kitanda au chini ya meza, ufunike kichwa.

Ukiwa kitandani na ulishafanya hatua ya 3, baki hapohapo, ujigeuze kifudifudi na mto juu ya kichwa na shingo.

Ukiwa kanisani, msikitini au sokoni, usikimbilie mlango pamoja na umati. Inama kati ya viti, au sogea mbali na magunia yaliyopangwa. Ukiwa kwenye bodaboda au garini, punguza mwendo, simama pembeni mbali na nguzo za umeme, madaraja na majengo. Ukiwa kwenye mteremko wa Rwenzori, tazama juu. Mawe yanaweza kushuka. Ukiwa mwaloni kando ya Ziwa Albert au Edward, ondoka ukingoni, kwani maji huyumba na kingo hukatika.

Baada ya mtikisiko

9. Jikague, kisha wengine. Vaa viatu kwanza. Zima jiko la mkaa, funga gesi, zima swichi kubwa ya umeme. Usiwashe kiberiti wala mshumaa kama kuna harufu ya gesi, tumia tochi. Kisha tokeni nje, mwende pale mlipokubaliana, mhesabiane.

10. Msaada wa kwanza. Damu inayotoka kwa wingi: bonyeza kwa kitambaa safi, bila kuachia. Anayelalamika mgongo au shingo asinyanyuliwe na kubebwa bodaboda, isipokuwa mahali alipo pana hatari kubwa zaidi. Aliyefunikwa na kifusi anasikika mkinyamaza. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache watu wote wanyamaze, wasikilize. Kama aliyefunikwa ni wewe, usipige kelele mfululizo ukameza vumbi. Piga filimbi, au gonga bomba au ukuta kwa jiwe. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112.

11. Tarajia mitetemo mingine. Tetemeko kubwa halijitikisi mara moja likaisha. Madogo hufuata kwa siku, wiki, hata miezi, na baadhi yake yana nguvu ya kuangusha ukuta ambao la kwanza liliuacha umelegea. Ndiyo maana usirudi ndani kuchukua godoro wala simu kama kuta zimepasuka vibaya.

12. Tazama mlima na mto. Mvua ikinyesha baada ya tetemeko, udongo uliolegea hushuka kwa urahisi. Mto ambao kawaida una maji mengi ukipungua ghafla bila sababu, huenda maporomoko yameuziba huko juu, na siku yatakapofunguka maji yatakuja yote. Ondokeni bondeni, mpande mahali pa juu, mtoe taarifa.

Kama ndiyo kwanza unajenga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maisha mengi yanapookolewa. Uganda ina kanuni yake ya ujenzi wa kuhimili matetemeko, US 319 ya mwaka 2003, na Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013. Ghorofa ni kazi ya injinia, usijaribu bila yeye. Lakini nyumba nyingi za kwetu ni za chini, zinajengwa na fundi mwashi na mwenye nyumba, na fundi husikiliza yule anayemlipa. Mwambie haya.

a) Kiwanja. Epuka mteremko mkali na ukingo wa korongo. Udongo laini wa kinamasi hutikisika zaidi ya mwamba. Wenye viwanja mabondeni Kampala wanahusika hapa, hata kama wako mbali na Rwenzori.

b) Umbo liwe rahisi, mstatili. Nyumba yenye kona nyingi na mabawa marefu hupasukia pale mabawa yanapounganika.

c) Matofali yalowekwe maji kabla ya kujengewa. Tofali kavu hunyonya maji ya saruji, na saruji haishiki. Usijengee tope halafu ukapaka saruji kwa nje. Lipu haifungi ukuta, inaficha tu.

d) Madirisha na milango viwe angalau sentimita 60 kutoka kwenye kona, na nafasi zote za ukuta mmoja zikijumlishwa zisifike nusu ya urefu wake.

e) Mkanda wa zege. Kama fedha ni za jambo moja tu, ziende hapa. Mkanda huu unazunguka nyumba nzima juu ya madirisha na milango bila kukatika, kuta za ndani nazo zikiwemo, na unazifunga kuta zote nne kama mkanda wa suruali. Mafundi wengi huweka linta juu ya dirisha tu, kipande kwa kipande, hiyo haisaidii. Tumia nondo mbili au zaidi za milimita 10 au 12, na ringi za kuzifunga nondo hizo kila sentimita 15. Kwenye kona nondo zipinde na kupita upande wa pili, zisiishie konani. Zinapounganishwa, zilaliane sentimita 60. Ukiweza, weka mkanda mwingine juu ya msingi na mwingine chini ya paa.

f) Zege iwe saruji kipimo kimoja, mchanga vipimo viwili, kokoto vipimo vinne. Mchanga uwe safi, usio na udongo. Imwagiliwe maji kwa siku saba. Zege iliyokauka haraka juani ni dhaifu.

g) Ukuta wa pembetatu chini ya paa usiwe wa matofali. Funga kwa mbao au mabati. Ni rahisi zaidi, na ukianguka hauui.

h) Mbao za paa zifungwe kwenye mkanda kwa waya au nondo iliyoachwa wakati wa kumwaga zege. Paa lililowekwa tu juu ya ukuta huondoka lenyewe.

Nyumba ya fito na udongo isidharauliwe. Fito zikiwa nzima na zimefungwa vizuri hupinda bila kuvunjika. Tatizo lake ni mchwa na unyevu chini ya ardhi: kata sehemu iliyooza, ubadilishe nguzo, upake oili chafu sehemu inayoingia ardhini.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kusimama mlangoni. Ushauri huu ni wa zamani, na kwa nyumba zetu mlango si imara kuliko ukuta. Tena bawa lake linaweza kukupiga. Kuamini siku na saa zilizotabiriwa: hakuna mwanasayansi wala chombo chochote kinachoweza kusema tetemeko litapiga kesho saa fulani, na anayekutumia ujumbe huo hajui. Kungoja wanyama au joto la jioni likuonye nako hakufai. Na kosa kubwa la mwisho ni kuziba nyufa kwa lipu na rangi ili mpangaji asione. Ukuta unabaki umepasuka vilevile, na mtu aliyelala chini yake hajui.

Mambo yakikwama

*"Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki kusikia."* Sehemu kubwa ya hatua ya 2 hadi ya 6 haihitaji ruhusa yake. Kuhusu ufa mkubwa, upige picha, umpelekee mwenye nyumba mbele ya LC1. Kama ukuta umeinama na hatengenezi, hama. Usikae hapo kwa sababu umelipa miezi mitatu.

*"Je, visima vya mafuta vya Ziwa Albert ndivyo vinavyotuletea?"* Kazi za binadamu, kama kujaza bwawa kubwa au kusukuma maji chini ya ardhi, zinaweza kuamsha mitetemo. Lakini Toro ilibomolewa mwaka 1966, miaka mingi kabla ya mafuta yale kuchimbwa. Bonde hili linatikisika kwa asili yake.

*"Na volkano?"* Chemchemi za moto za Sempaya na maziwa ya kreta karibu na Fort Portal vinaonyesha kwamba chini kuna joto. Tetemeko lenyewe si dalili kwamba mlipuko unakuja. Sikiliza taarifa ya Idara ya Jiolojia iliyoko Entebbe, ambayo ndiyo yenye vituo vya kupima mitetemo.

*"Maji ya chemchemi yamekuwa na tope."* Hutokea. Tumia maji uliyoweka, na ya chemchemi yaache yatulie, uyachuje, uyachemshe au utie dawa ya maji. Choo kikiporomoka, chimbeni kingine mbali na chanzo cha maji siku hiyohiyo. Kipindupindu kinaweza kuja baada ya kifusi.

*"Simu haishiki."* Mtandao umejaa watu wanaopiga. Tuma ujumbe mfupi wa maandishi, unapita hata pale sauti haipiti. Mchague ndugu mmoja aliye mbali, mfano Mbale au Gulu, kila mtu amtumie yeye. Yeye ndiye atakayejua nani yuko wapi.

*"Tunaogopa kulala ndani."* Laleni nje, hakuna aibu. Lakini turubai lifungwe mbali na ukuta kwa umbali unaozidi kimo cha ukuta huo, na chandarua kiwepo. Malaria inaua pia, na mtoto wa miezi sita hawezi kulala kwenye umande wiki nzima.

*"Watoto wanashtuka kila gari kubwa likipita."* Waache waseme wanachohisi, uwajibu ukweli. Usiwaambie halitarudi. Waambie likirudi tutafanya hivi na hivi, kisha mfanye zoezi.

*"Kuna ufa ukutani. Nitajuaje kama ni hatari?"* Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye lipu tu, si wa kukukosesha usingizi. Ondoka na umwite injinia wa wilaya kama ufa unapita katikati ya matofali kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, kama penseli inaingia ndani yake, kama kona mbili za nyumba zimeachana, au kama mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa umekwama. Kwa ule usio na uhakika nao, chora mstari wa penseli mahali unapoishia kila upande, andika tarehe, uutazame baada ya kila mtikisiko. Ukivuka mstari, toa vitanda vyote kwenye chumba hicho kabla ya usiku.